Mahali pa Neno "Only"

Njoro, Moshi
Jumanne, 20 Februari 2024

Mwalimu Digna,

Shikamoo.

Sijui kama unanikumbuka. Mimi ni Kalisti, wa darasa lililomaliza mwaka 2009, yule uliyemwambia ana mwandiko wa kuku. Brenda, huyu anayeshusha ndizi sokoni kila Jumanne na Ijumaa, ameniambia masikio yako hayashiki tena simu, na ujumbe wa simu huusomi kwa sababu ya macho. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Ataileta yeye, na majibu atanishushia yeye.

Siku hizi naongoza watalii mlimani. Ni mwongozaji msaidizi, mwaka wa saba huu. Niko mzima. Vidole viwili vya mguu wa kushoto havina hisia tangu mwanzo wa mwezi, ila natembea.

Nina swali la Kiingereza. Kazini nilijaza maelezo kuhusu mpagazi mmoja aliyeumwa tukiwa njiani. Niliandika hivi:

I told the porter only to go down.

Watu wa bima wa huko nje wameuliza nina maana gani. Mkurugenzi amenipa hadi Ijumaa ya wiki ijayo nirekebishe. Nilitaka kusema kwamba nilimwambia mpagazi yule tu ashuke, wengine waendelee. Nadhani tatizo ni hiyo "only". Nikumbushe inakaa wapi. Ulitufundisha, lakini siku ile sijui nilikuwa nawaza nini.

Ni jambo dogo. Samahani kwa usumbufu.

Mwanafunzi wako,
Kalisti


Uru
Ijumaa, 23 Februari 2024

Kalisti,

Marahaba. Nakukumbuka. Ulikaa dirishani, na mwandiko ni uleule.

Swali lako. Sisi kwa Kiswahili tunataja kitu kwanza, halafu tunakibana kwa "tu". Kalisti tu. Ndizi tu. "Tu" yetu inakuja nyuma. "Only" ya Kiingereza inatangulia: only Kalisti, only bananas. Wewe umeandika Kiingereza kwa mpangilio wa nyumbani, ukaiweka "only" nyuma ya mpagazi. Mwenye lugha yake akisoma, hatazami neno lililopita, anatazama linalofuata. Anaona only to go down. Anaelewa kwamba ulimwambia ashuke, basi. Hakuna lingine ulilomwambia wala kumfanyia.

Ukiihamisha, na maana inahama.

Only I told the porter to go down. Wewe peke yako ndiye uliyemwambia, wengine walinyamaza.

I only told the porter to go down. Ulimwambia tu. Hukutenda.

I told only the porter to go down. Ulimwambia yeye tu, si mwingine yeyote.

Kwa maelezo uliyonipa, unayoitaka ni hiyo ya mwisho. Kanuni ni kuiweka "only" mbele ya neno unalolibana, karibu nalo kabisa, pasiwe na nafasi ya kitu kingine kuingia. Waingereza wenyewe wakizungumza huiweka popote, kwa kuwa sauti inawasaidia. Karatasi haina sauti.

Sasa nami nina swali. Sentensi hiyo ya mwisho nimeisoma mara nyingi leo asubuhi. Kama uliyemwambia ashuke ni yeye tu, si mwingine yeyote, nani alishuka naye?

Mwalimu Digna


Njoro
Jumanne, 27 Februari 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Asante kwa somo, sasa nimeelewa.

Alishuka na mpagazi mwenzake anayeitwa Ronald. Sikuandika kwa sababu fomu ilikuwa na mistari michache. Je, "only" inaweza kubana watu wawili? Nimejaribu hivi:

I told only Shedrack and Ronald to go down.

Kama iko sawa, niandikie neno moja tu, sawa. Ijumaa asubuhi nitamsubiri Brenda pale sokoni, kisha niende moja kwa moja ofisini.

Kalisti


Uru
Ijumaa, 1 Machi 2024

Kalisti,

"Only" inaweza kubana hata watu kumi. Sarufi haikatai uongo.

Barua ya kwanza uliandika the porter. Safari hii umeandika Shedrack. Umejisahau, na mimi nimechoka kujifanya sijui. Nikuambie nilichokuficha.

Tarehe kumi na sita, kabla barua yako haijafika, alikuja kwangu Dominika. Kihamba chake, shamba lake la migomba, kiko chini ya changu, tunanywa mfereji mmoja. Alikuwa na bahasha kutoka kampuni yenu. Akaniinamia kwenye sikio la kulia, lile linalosikia kidogo, akasema, "Mwalimu, nisomee. Kwa mdomo waliniambia mwanangu alikuwa na mtu. Nataka kujua karatasi inasemaje."

Mwanawe ndiye Shedrack. Karatasi ilikuwa maelezo yako. I told Shedrack only to go down.

Nilimwambia miwani yangu imevunjika. Miwani ilikuwa mezani mbele yake, nzima. Aliitazama, akanitazama mimi, akakunja bahasha akaniachia. Tangu hapo amekuja mara mbili. Haulizi. Anakaa kwenye benchi la nje, kisha anaondoka.

Siku nne baadaye barua yako ikaja, imeandika "mpagazi mmoja aliyeumwa". Hukuandika kwamba alikufa. Nikakujibu sarufi kwa sababu sarufi ndiyo kitu ninachokiweza hata nikiwa sijisikii kufanya lolote.

Shedrack nilimfundisha pia, miaka ya mwisho kabla sijastaafu. Alikaa mbele kwa sababu hakuona vizuri ubaoni. Siku ya mazishi nilisimama nikitazama viatu vya padri mpaka mambo yakaisha.

Sitakurekebishia sentensi nyingine. Nijibu kwa Kiswahili. Nani alishuka naye?

Digna


Njoro
Jumanne, 5 Machi 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Hakuna.

Ijumaa sikwenda ofisini. Nilizima simu. Sikujua kwamba yule mama ni jirani yako. Nilijua ni watu wa Uru, lakini Uru ni kubwa, na sikutaka kufikiria zaidi.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe tatu. Asubuhi tulikuwa tunakunja mahema tupande kambi ya juu kabisa. Shedrack alikuwa ametapika mara mbili na chai hakuweza kuishika. Alisema kichwa kinapasuka. Basili, mwongozaji mkuu, alikuwa ameshatangulia na wageni. Wapagazi waliachwa mikononi mwangu.

Sisi tuna kanuni ambayo mtu anaijua tangu siku yake ya kwanza mlimani: mgonjwa hushushwa, hashuki. Lazima awe na mtu. Wapagazi walikuwa kumi na mmoja na kila mmoja alikuwa na mzigo wake. Chakula, mahema, gesi. Mzigo ambao ungeweza kubaki nyuma ulikuwa mmoja tu, wa Ronald. Ronald alibeba choo cha wageni, kile cha plastiki chenye kihema chake. Nikawaza, nikimtoa Ronald, wageni watafika juu hawana choo, na Basili atanigombeza mbele yao.

Niliwaza choo, Mwalimu. Sikuwaza zaidi ya hapo.

Nikamwambia Shedrack, "Shuka polepole. Njia unaijua."

Akasema, "Naijua, kaka." Akaniomba nimfungie kamba ya kiatu, kwa sababu akiinama kichwa kinamzidi. Nikamfungia. Akaenda. Ukungu ulikuwa umeshuka na baadaye ikaanza mvua ya mawe. Sikugeuka kumtazama.

Kesho yake wapagazi wa kampuni nyingine walimkuta mwendo wa saa mbili chini ya pale, amekaa ameegemea jiwe, mkoba mapajani. Nilishuka kumfuata, nikasaidia kumbeba hadi getini. Nilishika upande wa miguu.

Basili amekuja hapa mara mbili. Mara ya kwanza aliniambia, "Mdogo wangu, ukiirekebisha hiyo sentensi, irekebishe yote. Ronald amekubali. Atasaini kwamba alimsindikiza, wakapotezana kwenye ukungu."

Nikamwambia, "Lakini Ronald alikuwa na sisi juu."

Akasema, "Nani anajua? Wazungu walikuwa wamechoka, hata majina yetu hawayajui."

Nikakubali. Sikubishana hata kidogo. Nikaanza kutafuta namna ya kuiandika vizuri, ndiyo nikakukumbuka wewe.

Sentensi niliyoandika vibaya ndiyo ilikuwa ya kweli. Nilimwambia ashuke, basi. Watu wa bima waliielewa sawasawa.

Mazishini sikuja. Nililala hapa chumbani nikitazama dari. Tangu siku ile hakuna kinachonigusa. Nakula, nafua nguo, mtu akinisalimia naitika. Niambie nifanye nini. Nilete jani la isale kwa yule mama?

Kalisti


Uru
Ijumaa, 8 Machi 2024

Kalisti,

Usilete isale.

Unajua jani lile kwetu lina nguvu gani. Likishawekwa mkononi mwa mtu, hawezi kukataa kusamehe. Dominika ni mtu wa mila. Atalipokea, atakusamehe palepale uani kwa kuwa ndivyo inavyotakiwa, kisha ataingia ndani akiwa hana chochote kilichobaki kuwa chake. Wewe utashuka mjini mwepesi. Usimfanyie hivyo.

Andika karatasi mbili.

Ya kwanza ni ya ofisini. I told Shedrack to go down. I sent nobody with him. Uiandike hivyo, na Kiswahili chake chini. "Only" haihitajiki mahali popote. Watakusimamisha kazi na huenda usirudi tena mlimani. Hilo nadhani unalijua, na ndilo lililokufanya unitafute.

Ya pili ni ya Dominika, kwa Kiswahili. Amesoma hadi darasa la saba na anasoma vizuri kuliko mimi sasa. Sitaifungua kabla yake na sitamsomea.

Kuhusu miwani, nilimwambia jana. Nilikwenda mwenyewe, nikamwambia haikuvunjika. Akasema, "Niliiona, Mwalimu." Akanipa kiti. Tulikaa. Alikuwa anamenya ndizi za mtori na hakuacha kumenya.

Digna


Uru
Ijumaa, 15 Machi 2024

Kwa Kalisti.

Barua yako nimeipata Jumanne, kwa mkono wa Brenda. Nimeisoma mwenyewe. Mwalimu alikaa nje.

Watu wa kampuni walikuja kwenye msiba na mchele na kanga. Waliniambia Shedrack alishuka ameshikwa mkono na mwenzake, akazidiwa njiani mwenzake akiwa naye. Nikasema sawa, angalau alikuwa na mtu. Nilitaka kumwona huyo mtu nimshukuru. Nilimtengea jogoo. Kila kijana aliyepita hapa kutoka mlimani nilimuuliza, ni wewe uliyekuwa na Shedrack? Walikuwa wanatazama chini. Nilifikiri ni huzuni.

Jogoo nimemchinja jana, tumekula.

Watu wananiuliza mbona silii. Sijui. Nimesoma barua yako yote, na baada ya kusoma nilikwenda kufungulia maji ya mfereji kwa sababu ilikuwa zamu yangu.

Umeandika kwamba alikuomba umfungie kiatu. Mwanangu namjua. Hawezi kuomba kitu kimoja halafu akaondoka. Alisema nini kingine? Kwenye barua umekiruka.

Njoo uniambie kwa mdomo. Karatasi zimenichosha. Njoo mchana, na usilete kitu chochote.

Dominika, mama yake Shedrack


Chekereni
Jumatano, 10 Aprili 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Brenda amesema bado uko kwa binti yako Arusha tangu kabla ya Pasaka, kwa hiyo barua hii itakusubiri mlangoni. Huenda umesikia mambo nusu nusu. Nakuandikia yalivyokuwa.

Karatasi ya ofisini niliipeleka tarehe kumi na nane. Mkurugenzi aliisoma amesimama. Akaniuliza, "Unajua umeandika nini?" Nikasema najua, safari hii najua kila neno. Walinisimamisha siku hiyohiyo, na wiki iliyofuata wakamsimamisha Basili. Alinipigia simu akasema maneno ambayo siwezi kukuandikia. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Ronald hakusaini. Naye alikwenda ofisini akasema alikuwa juu na sisi, amebeba choo. Watu wa bima wanaendelea na mambo yao na wakili wa yule mama. Mimi niko huku tambarare kwa binamu yangu, nasaidia kazi ya mpunga.

Uru nilipanda Jumamosi tarehe ishirini na tatu. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe nyuma ya nyumba. Hakunikaribisha.

Akasema, "Ni wewe."

Nikasema, "Ni mimi. Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Akasema, "Sema."

Nilikuwa nimejipanga njiani jinsi ya kuanza, yote yakapotea. Nikamwambia lile ambalo sikuliandika popote, hata kwako. Nilipomaliza kufunga kamba, Shedrack hakuondoka. Alibaki pale, akaniambia, "Kaka, huwezi kunipa mtu?"

Nikamjibu, "Mtu hayupo."

Ronald alikuwa hatua tano kutoka pale, anafunga kile choo mgongoni.

Mama yake akauliza, "Alikuomba?"

Nikasema, "Aliniomba."

Akaendelea kukata majani. Alikata muda mrefu, nami nimesimama. Kisha akaniuliza bila kuinua kichwa, "Alikuomba kwa sauti gani?"

Nikasema, "Ya chini. Nadhani hakutaka wenzake wasikie."

Akasema, "Ndivyo alivyo."

Alisema hivyo kana kwamba Shedrack bado yuko ndani ya nyumba. Nilitegemea kitu kitanishika pale, nilie au nianguke, lakini hakikuja. Yeye pia hakulia. Alifunga majani kwa gome la mgomba, mzigo mkubwa, akasimama kando yake.

Akasema, "Beba."

Nikabeba hadi bandani. Ng'ombe akaanza kula. Hakusema asante wala sikusubiri. Nilikuwa nimeshafika njiani aliponiita. Hakuniita kwa jina, alisema, "Wewe." Nikageuka.

Akasema, "Ng'ombe anakula na Alhamisi."

Alhamisi Kuu nilipanda, nikakata, nikabeba. Alikuwa anajiandaa kwenda kanisani. Alhamisi iliyofuata nilipanda tena. Aliniwekea kikombe cha maji juu ya ukuta wa banda, akaingia ndani. Nilikunywa, nikakiosha, nikakirudisha palepale.

Sijui hii ni nini, na sijaomba aniambie. Msamaha sijapewa, na sijauomba.

Kesho ni Alhamisi. Huku mvua imenyesha tangu jana na huko juu nadhani imezidi. Majani yatakuwa mazito. Nitaondoka asubuhi mapema.

Kalisti